Jani la Arobaini

Nepi ya mtoto mchanga haifichiki. Nilitoka nayo nyumbani kwa mdogo wangu Nasra nimeivingirisha ndani ya khanga, nikampita Bi Kuruthumu kibarazani kwake, akaniuliza mbona nanuka hivyo asubuhi yote hii. Nikamwambia ni mbolea ya kitalu. Hakuamini, lakini Bi Kuruthumu ukimwambia saa ngapi lazima akamuulize na jirani.

Mimi ndiye mtunza kitalu wa Matumbini. Natunza sesuvi, mmea unaofunika ufukwe wetu wote mpaka macho yanapochoka. Mabibi zetu walikuwa na aina ya zamani, wakiiita mboga pwani, wakiichemsha na kumwaga maji yake ya kwanza kwa sababu ya chumvi. Hii yetu inafanana nayo kwa sura: inatambaa mchangani, shina jekundu, kila pingili ikigusa chini inatoa mizizi, majani manene mawili mawili yakitazamana, na kiua cha waridi kinachofumbuka jua likiwa kali na kufumba jioni. Ila yetu ilitengenezwa na watu, baada ya bahari kupanda na kuingia kwenye visima. Inafyonza maji ya bahari, chumvi inaipeleka kwenye majani ya chini, na majani ya ncha yanabaki na utomvu unaonyweka. Ya chini yakishakuwa mekundu tunayakata kabla hayajaanguka, yanapakiwa kwenye lori. Ya ncha tunayakamua. Si matamu wala si ya chumvi, yana ukakasi wa ndizi mbichi, na ndiyo maji yetu ya kunywa. Mengine hatuna.

Kinachotenga chumvi si mmea wenyewe. Ni vijidudu vinavyoishi ndani yake, sisi tunaviita wapangaji. Na wapangaji hao wamo ndani yetu pia, matumboni, kila mtu wa Matumbini. Ukinywa utomvu kila siku wanashiba na kukuacha uendelee na mambo yako. Ukitoka Ukandani, huku kwetu pwani, ukaanza kunywa maji ya watu wengine, wanaona njaa, wanaanza kuivuta chumvi ya damu yako wewe. Miguu inalegea, kisha moyo. Dawa za kuwaua zilijaribiwa zamani, zikawa zinamuua mwenye nyumba kwanza.

Kaka yetu Mfaume hakutaka kuamini. Alijificha kwenye lori la majani akaenda zake bara. Alirudishwa na lori lile lile, amefunikwa turubai, na mama yetu hakupata nguvu ya kulifunua. Tangu hapo mimi na Nasra tulibaki wawili, na ukizungumzia safari mbele yake anainuka anaondoka.

Sasa, sote tulijua kwamba mtu huzaliwa na wapangaji. Waganga wa Mamlaka ya Ukanda, wanaosimamia pwani yetu hii, waliwaambia mabibi zetu kuwa wanapita kwenye damu ya mama. Kwa hiyo mtoto akifika arobaini, na dada mkubwa wa mama yake akamkamulia jani ulimini mbele ya wanawake, tulidhani ni shukrani tu. Mmea umetulea, nasi tunamtambulisha mtoto kwa mmea. Tunapiga vigelegele na kula pilau.

Kilichonifumbua macho ni ukaidi wangu. Mamlaka wanataka kila ua likatwe kabla ya kutoa mbegu, na miaka yote nimeyakata bila kuuliza. Mwaka ule shina moja lilijificha nyuma ya tangi, likazaa. Vifuko vidogo vyenye kifuniko cha kufunguka, ndani mbegu nyeusi zinazong'aa. Badala ya kuzichoma nikazipanda, nione tu wanachokiogopa. Zikaota vizuri. Nikaonja jani, chumvi tupu mpaka nchani! Nikaliweka chini ya hadubini ninayopimia utomvu, kutafuta wapangaji, sikuona hata mmoja.

Nilirudia mpaka macho yakaniuma. Pingili unayoikata ukaipanda kwingine ni mwili ule ule wa mama yake, kwa hiyo inakwenda na wapangaji wake. Mbegu haina kitu. Wapangaji hawapiti kwenye mbegu hata kidogo.

Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri habari za binti wa Nasra, Asumini, aliyekuwa hajafika hata mwezi. Ndipo nikaenda kuiba ile nepi. Nikaitazama chini ya hadubini yangu nikiwa nimeziba pua. Mlikuwa na kila uchafu wa mtoto anayenyonya, ila mpangaji hata wa dawa hakuwemo. Alikuwa safi, amezaliwa na mama aliyejaa wapangaji na ananyonya maziwa yake, lakini safi. Jani la arobaini ndilo linalotufunga. Tunajifungia wenyewe, kwa pilau na vigelegele. Nililia pale kitaluni, nililia kwa hasira kuliko huzuni.

*

Nasra alikuwa bado ndani na uzazi wake. Nilimkuta anakunywa uji wa pilipili manga, mtoto amelala ubavuni. Nikamweleza yote, taratibu, na mbegu na nepi.

Alimaliza uji wake kwanza. "Kwa hiyo nini, Dada?"

"Kwa hiyo asipolambishwa anaweza kutoka. Anaweza kuishi popote. Baba yake ni mtu wa bara, maji anayo."

Mume wake, Chande, ndiye dereva wa lori la majani. Kila mwezi anatuletea unga na betri, anaondoka na magunia ya majani mekundu. Utomvu wetu unamharisha mtu mzima aliyekulia nje, kwa hiyo anakuja na dumu lake la njano, anakunywa humo humo. Walioana watu wakacheka, mume wa mwezi mara moja, lakini ndoa yao ilikuwa na mapenzi kuliko nyingi za watu wanaolala chumba kimoja.

"Ataishi popote," Nasra akasema, "ila hapa."

"Hapa atakunywa maji ya dumu mpaka…"

"Mpaka aondoke." Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. "Kwa nini umeniambia?"

"Ulitaka nikufiche?"

"Ndiyo! Ungemlambisha, mie nikala pilau yangu nikalala. Ingekuwa kazi ya Mungu. Sasa nikimlambisha ni mie nimemfunga. Nisipomlambisha ni mie nimemtupa. Wewe umenipa nini hapo, Dada? Hebu niambie, umenipa nini?"

Nilikwenda pale nikijiona nimebeba zawadi, na mwenye kupewa alikuwa anatetemeka.

"Na mjukuu wa Bi Kuruthumu?" akauliza baadaye. "Aliyelambishwa mwezi jana. Na yeye alikuwa safi?"

"Na yeye."

"Utamwambia?"

"Yule baba yake anakata majani hapa hapa. Asingelambishwa angekunywa nini, Nasra? Dumu la nani?"

Hilo nililisema haraka, kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza njia nzima. Kuwaambia wanawake wa Matumbini kwamba watoto wao wanazaliwa huru, mahali ambapo mtoto huru anakufa kwa kiu, niliona ni ukatili. Huenda ulikuwa woga tu. Mpaka leo nikisikia vigelegele vya arobaini ya mtu najifungia kitaluni, na sijui jina lingine la kufanya hivyo zaidi ya aibu.

Chande alipokuja tulimwambia. Jitu zima lile likakaa chini likashika kichwa. Kisha akaanza kupanga, maskini, maneno yanamtoka yote kwa pamoja: mama yake yuko bara, ana kisima kirefu, ana mbuzi, mtoto atasoma.

"Bado ananyonya," Nasra akamkata.

"Mpaka aache. Sitamchukua kabla. Wallahi, mke wangu, sitamchukua kabla hajaacha."

Ndivyo tulivyokubaliana. Atakaa na mama yake mpaka aache ziwa, halafu ataondoka na baba yake. Na kwa sababu Mamlaka wakijua wangekuja na maswali yao, arobaini ingefanyika kama ya watoto wote.

*

Siku ya arobaini niliingia na jani nililolichuma kwenye miche ya mbegu. Kwa macho huwezi kulitofautisha na mengine. Wanawake walijaa mpaka uani. Nikamshika Asumini, nikaliminya jani juu ya ulimi wake.

Watoto wote hukunja uso kwa ukakasi, watu wakacheka. Asumini, kwa chumvi ile, alitoa ukelele wa kuchomwa. Vigelegele vikakatika katikati.

"Huyu mbona analia?" Bi Kuruthumu akauliza. "Hawaliagi."

"Ana roho ya baba yake," nikasema. "Mtu wa bara chochote kwake kichungu."

Wakacheka, vigelegele vikarudi. Nasra alikuwa ananitazama mimi, wala si mtoto, mikono yake miwili imeshika ukingo wa kitanda.

Nilidhani hapo tumevuka. Sikuwa nimefikiri kwamba mtoto hutambaa.

Sesuvi iko kila mahali Matumbini. Iko uani, iko mlangoni, inapenya nyufa za sakafu. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni, na jani moja tu la ncha lingetosha, kwa sababu tumbo ambalo halijakomaa ndilo linalowakubali wapangaji. Kwa hiyo Asumini hakutambaa. Nasra alimbeba mgongoni akipika, akifua, akikata majani. Akimshusha ni juu ya kitanda, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa wavu. Wenzake walikuwa wanagaagaa nje na kujipaka matope, yeye akiwaona kwa kupitia wavu huku anapiga makelele. Tulikuwa tunamlinda awe huru, na katika Matumbini nzima hakukuwa na mtoto aliyefungwa kama yeye.

Watu waliona. Walisema Nasra anajidai, ati mtoto wake hagusi chini kama bibi harusi. Wengine walisema ana wazimu wa uzazi. Nasra alipungua mwili, akawa mkali, akawa halali vizuri. Siku moja nilimkuta amemfumbua mtoto kinywa anamchokoa kwa kidole mpaka anatapika, kwa sababu tu alikuwa ametafuna kitu. Kilikuwa kipande cha chapati.

"Nimechoka, Dada," aliniambia. "Namlinda nipate kumpoteza. Umewahi kuona kazi ya kipumbavu kama hii?"

Nikamkumbatia. Nilitaka kumwambia tuache, tumlambishe, yaishe. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nami nilikuwa nampenda yule mtoto, alikuwa ananiita "Mamkuu" kwa sababu mama mkubwa ilimshinda, na kila alipoita nilihesabu kwamba ni mara moja imepungua.

*

Asumini aliacha ziwa polepole, hasa kwa kuwa Nasra hakutaka aache. Maji alikuwa anakunywa ya dumu, tukimpa kwa kificho. Alianza kutembea juu ya kitanda, kutoka ukingo mpaka ukingo, akigeuka kwa ustadi kila anapofika ukutani. Chande alipomwona anageuka vile, akasema safari ijayo ndiyo atamchukua. Nasra akaitikia kwa kichwa.

Siku yenyewe lori lilisimama nyuma ya kitalu, pasipo na watu, magunia yameshapakiwa. Mimi nilikuwa nimekwishapima nepi ya jana na ya leo. Safi zote mbili. Nikatoka nje nikawaambia.

"Ni safi. Mchukue, shemeji."

Chande akanyoosha mikono. Nasra alikuwa amemshika mtoto kifuani, na hakusogea.

"Nimempa jani," akasema.

"Umempa nini?"

"Jani la ncha. Sasa hivi, nilipomwogesha. Nimemlambisha mwenyewe." Alikuwa haangalii mtu. "Mkimchukua atakufa kama Mfaume."

Chande aligeuka kunitazama. "Shemeji, si umesema amepimwa akawa safi?"

"Wapangaji hawaonekani siku hiyo hiyo," nikasema, na ilikuwa kweli. Huchukua siku kadhaa kuzaana. Kama alimpa asubuhi ile, hadubini yangu isingejua.

"Kwa hiyo itabidi nimwache."

Chande akakaa kwenye ngazi ya lori, akafunika uso kwa kofia yake. Mtoto akacheka, akidhani baba anacheza kujificha.

Mimi nilisogea. Nilipitisha kidole changu kwenye midomo ya Asumini, ndani mpaka kwenye fizi, yeye akakiuma kwa meno yake machache. Kisha nikakitia kidole kinywani mwangu. Ukakasi wa utomvu haupotei upesi, mtu wa Matumbini anaujua kuliko jina lake. Nikangoja ulimi wangu uniambie.

Hakukuwa na ukakasi.

Nasra aliona nimejua. Tulitazamana, na macho yake yaliniomba waziwazi, kama angepiga magoti asingeomba zaidi. Chande angeamini lolote nitakalosema. Ningeitikia kwa kichwa tu, lori lingeondoka na magunia yake, na jioni ile Asumini angelala kwa mama yake, na kesho, na siku zote. Ningekuwa Mamkuu mpaka nazikwa. Na neno lile la uongo lingekuwa la kweli kabla ya magharibi, kwa maana Nasra angempa jani mara tu lori likipinda kona, na milango yote ingekuwa imefungwa, na sisi tumo ndani naye.

Naapa nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Hajampa," nikasema. "Washa gari, shemeji."

Nasra alitoa sauti ndogo tu. Nilijiandaa anipige, nilitamani anipige. Badala yake aliifungua khanga aliyombebea mtoto, akamwita Chande, akamgeuza kwa bega, akamfunga mtoto mgongoni pake, fundo la kwanza, fundo la pili, akimkaripia asimame wima.

"Ukiendesha mlaze ubavu wa kushoto," akamwambia. "Kulia hapendi. Na uji wake usiwe wa moto, ana pupa, atajiunguza."

"Sawa."

"Akifika umshushe chini. Aguse chini. Achezee chochote anachotaka."

"Sawa, mke wangu."

Asumini alikuwa anashangaa mgongo mpana. Lori lilipoondoka, ameshashushwa kitini, aliona ni mchezo, akapunga mkono dirishani kwa mbwembwe zote. Alianza kulia walipofika kwenye kona, tulimsikia kwa muda, kisha tukasikia injini tu.

*

Matumbini tuliwaambia kuwa mtoto alishikwa na homa, baba yake akamkimbiza hospitali. Baada ya hapo wakaacha kuuliza, kwa kuwa wote wanajua nini humpata mtu wetu akienda bara. Walikuja kutupa pole. Bi Kuruthumu alileta wali na kulia kwa sauti, na ilibidi Nasra akae mkekani apokee rambirambi za mtoto aliye hai.

Hakusema na mimi. Tulikata majani mstari mmoja, kila siku, mimi kulia yeye kushoto, visu vyetu vikisikika. Mtoto wa mtu akilia mstari wa mbali, kifua cha gauni lake kililowana, akavuta khanga kufunika.

Chande alirudi mwezi uliofuata na habari kwamba mtoto anakimbia, ana kovu gotini, anamfukuza mbuzi. Nasra alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie hiyo ya goti.

Siku ya pili yake tulikuwa mstarini, jua kali, viua vimefumbuka kote, tunavikata kama Mamlaka wanavyotaka. Nasra aliacha kukata.

"Dada."

Nilikuwa nimeisahau sauti yake ikiniita. "Naam."

"Siku ile ulipotia kidole kinywani mwake. Ulionja nini?"

Nilitafuta kitu cha kumpoza, sikukipata.

"Maziwa yako," nikamwambia.

Akainama akaendelea kukata maua.